Kihamba Hakiongezeki: Mpito wa Uzazi na Vifo Unavyoonekana Momela

Mwezi wa Julai ukungu huchelewa kuondoka Momela. Tulipofika asubuhi kwa ajili ya kliniki ya mkoba, akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye mabenchi, wamejitanda mablanketi, watoto mgongoni. Kutoka pale, siku ya jua, mtu huuona Mlima Meru wote upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Siku ile hatukuuona hata mmoja.

Wa tatu kuingia alikuwa mama wa miaka thelathini na miwili, mimba yake ya saba, wiki ya ishirini na nane. Alisindikizwa na mama mkwe wake, bibi wa zaidi ya miaka sabini, mwenye fimbo na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Majina yao nayahifadhi. Wingi wa damu wa yule mama ulikuwa gramu 8.9, chini sana ya kiasi tunachokitaka kwa mjamzito, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nilipokuwa nikiandika kwenye kadi, nilimwuliza bibi, kwa heshima tu na kwa kupitisha muda, yeye mwenyewe alizaa mara ngapi.

"Kumi na mmoja," akajibu. Kisha akakunja vidole kimoja kimoja. "Surua ilichukua wawili mwaka mmoja. Kuhara mmoja. Mmoja alizaliwa hakulia. Mmoja homa, hatukujua ya nini. Walibaki sita."

Mkwewe alikuwa amezaa mara sita. Wote sita walikuwa hai, wote wamechanjwa, na kadi zao zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Katika miaka yangu ya udaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi nimehudhuria mihadhara mingi juu ya mpito wa idadi ya watu, na nyingine nimezitoa mwenyewe. Sijapata kuona mhadhara uliolieleza jambo hili vizuri kuliko wale wanawake wawili waliokaa mbele ya meza yangu, mmoja amezaa kumi na mmoja na mwingine sita, na kila mmoja ana watoto sita walio hai.

Nieleze kwa kifupi maana ya mpito huo, kwa faida ya msomaji ambaye si mtu wa takwimu. Kwa karne nyingi, jamii nyingi duniani zilizaa sana na kuzika sana, hivyo idadi ya watu ikaongezeka polepole mno. Kisha vifo hupungua, hasa vya watoto: yanakuja maji safi, chanjo, dawa, barabara, ukunga wenye ujuzi. Lakini uzazi haupungui siku ileile, maana desturi, hofu na matarajio hubadilika taratibu kuliko sindano ya surua. Katika kipindi hicho cha katikati, baina ya kushuka kwa vifo na kushuka kwa uzazi, ndipo watu huongezeka kwa kasi. Mwishowe uzazi nao hushuka, na idadi hutulia. Mwanademografia Mmarekani Warren Thompson aliuchora mwendo huo mwaka 1929, na Frank Notestein akaukamilisha mwaka 1945, wote wawili wakitazama zaidi historia ya Ulaya. Hawakusema kipindi cha katikati kitachukua miaka mingapi. Kwa Uingereza kilichukua zaidi ya karne moja; kwa Korea Kusini, ambako katika mwaka 1960 mwanamke alizaa kwa wastani watoto sita, hakikufika miaka thelathini, na leo nchi hiyo ina tatizo la kinyume, kwani wastani umeshuka chini ya mtoto mmoja.

Sisi tumo katikati. Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya mwaka 1967, ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu milioni 44.9, na ile ya Agosti 2022 milioni 61.7. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu tumeongezeka kwa watu milioni 16.8, wengi kuliko Watanzania wote waliokuwapo mwaka wa Azimio la Arusha. Kasi ya ongezeko kati ya sensa hizo mbili za mwisho ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, idadi hujirudufu katika miaka ishirini na miwili hivi, yaani mtoto anayepimwa uzito leo atakuwa hajamaliza chuo.

Baadhi ya wenzangu husikia takwimu hizo wakadhani kwamba uzazi umepanda. Haukupanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tafiti za kitaifa zilionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania angezaa wastani wa watoto zaidi ya sita katika maisha yake. Mwaka 2010 wastani ulikuwa 5.4, mwaka 2015/16 ukawa 5.2, na mwaka 2022 ukawa 4.8. Unashuka, ila kwa mwendo wa kobe. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano, kwa upande wake, vimeporomoka: kutoka 141 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 1991/92 hadi 43 katika ule wa 2022.

Sasa fanya hesabu ya yule bibi, lakini kwa taifa. Mwanamke wa miaka ile, akizaa watoto sita na zaidi kidogo, na 141 katika kila elfu wakifariki kabla ya miaka mitano, alibaki na watoto wapatao 5.3. Mwanamke wa leo, akizaa 4.8 na 43 katika elfu wakifariki, anabaki na 4.6. Katika miaka thelathini ya kampeni, mabango na semina, idadi ya watoto wanaobaki hai katika nyumba ya Mtanzania wa kawaida imepungua kwa chini ya mmoja. Wakati huohuo, wasichana wanaoingia umri wa kuzaa ni wengi kupita wakati wowote, kwa kuwa zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi wana umri chini ya miaka kumi na mitano. Hata kama kila msichana angeamua leo kuzaa watoto wawili tu, bado tungeendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa.

Sisemi haya kwa majuto. Nikikumbuka kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 na 104 katika ule wa 2022, na kwamba wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika muda huohuo, ninajua kwamba kuongezeka kwetu kumetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wameongezeka kwa sababu wameacha kufa ovyo. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayelaumu hilo.

Hata hivyo Momela inatukumbusha jambo ambalo takwimu za taifa hulificha, nalo ni ardhi. Miteremko ya Meru ni miongoni mwa sehemu za nchi hii zilizoonja mapema uchungu wa watu kuongezeka huku mipaka ikibaki palepale. Wajerumani waligawa mashamba kwa walowezi kuuzunguka mlima, na Waingereza wakaendeleza mpango huohuo, hata Wameru na Waarusha wakajikuta wamebanwa kati ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu takribani watu 3,000 kutoka Ngarenanyuki, hapa jirani na Momela, ili eneo liwe la ufugaji wa wazungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikapotea. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha madai ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Ninaitaja historia hii kwa sababu ukiwa mtumishi wa afya huku, ukianza mazungumzo kwa kusema "watu mmekuwa wengi, ardhi haitoshi", wazee watakutazama kwa jicho la mtu aliyewahi kusikia maneno hayo kwa mwingine. Wakati ule ardhi haikutosha kwa sababu ilikuwa imechukuliwa. Nami niliwahi kukosea hivyo, katika mkutano wa kijiji, nikiwa daktari kijana; mzee mmoja alisimama akaniuliza kama nami nimetumwa kupima mipaka. Nilikaa chini.

Leo hesabu ya ardhi hufanyika ndani ya familia. Baba mkwe wa yule mama, marehemu sasa, alikuwa na kihamba cha ekari nne, migomba na kahawa kivulini. Watoto wa kiume walikuwa wanne, kila mmoja akapata ekari moja. Mume wa mgonjwa wangu ana wavulana wanne. Kila mmoja akipewa sehemu yake, ni robo ekari: nyumba, choo, zizi la ng'ombe mmoja, na migomba ya kuhesabu kwa vidole. Mabinti wawili hata hawamo katika hesabu hiyo, jambo ambalo sheria ya nchi hailikubali lakini desturi bado hulitenda. Kwa hiyo vijana hushuka. Wengine hulima nyanya na vitunguu kwa mifereji huko Ngarenanyuki, wengine hubeba mizigo ya wapanda mlima, wengine huenda Mererani, na wengi huenda mjini. Jiji la Arusha lilikuwa na watu zaidi ya 416,000 mwaka 2012. Mwaka 2022 lilikuwa na zaidi ya 617,000. Upande wa pili wa Momela kuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, na huko nyati na twiga wana mipaka yao. Pa kupanukia hapapo.

Wanaoshuka hukutana na jambo jingine, na hapa naomba subira ya msomaji, kwani ni kidonda changu cha siku nyingi. Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi, itokanayo na miamba ya volkano, na kwa kawaida huwa nyingi zaidi kadiri unavyoshuka kwenye tambarare kavu za kaskazini na mashariki ya mlima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya Ngarenanyuki na Momela hupita kiwango hicho kwa mbali. Matokeo yake tunayaona katika tabasamu za vijana wetu, meno ya kahawia yenye mashimo, na kwa wengine mifupa iliyopinda tangu utotoni. Shinikizo la ardhi linapowasukuma vijana wajenge kwenye maji mabaya zaidi, ongezeko la watu huwa limegeuka ugonjwa wa meno na mifupa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, husaidia. Kukinga maji ya mvua husaidia. Na magadi tunayotia kwenye maharage na makande yapunguzwe, au yaachwe kabisa kwenye chakula cha watoto walio chini ya miaka minane, umri ambao meno ya kudumu bado yanaundwa.

Nirudi kliniki. Nilimweleza yule mama hatari zilizokuwa mbele yake. Kizazi kilichobeba mimba nyingi huchoka, na baada ya mtoto kutoka huweza kushindwa kukaza, damu ikatoka kwa wingi. Mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza. Barabara ya kwenda Tengeru hupita ndani ya hifadhi, na usiku dereva husimama kuwapisha nyati. Tukakubaliana kwamba asijifungulie nyumbani wala zahanati, bali awe karibu na hospitali wiki mbili kabla ya siku zake. Tukaanza vidonge vya kuongeza damu. Kisha nikamwuliza kama mimba hii aliitaka sasa.

Alitazama chini. Bibi akajibu kwa niaba yake: "Watoto ni wa Mungu, daktari."

"Ni kweli, bibi," nikasema. "Nilikuwa namwuliza mama."

Ikabidi muuguzi wetu, ambaye ni mwenyeji na anajua haya mambo kuliko mimi, amwombe bibi atoke naye kwenda kupimwa presha. Ndipo mama akasema. Alitaka kupumzika tangu mtoto wa nne. Alikwenda kuchoma sindano, mara mbili. Mara ya tatu akaambiwa imekwisha, arudi mwezi ujao. Alipokuja kurudi alikuwa na mimba. Kituo chenyewe sitakitaja. Nasema tu kwamba kila tunapomrudisha mama mikono mitupu tunadhani tumemchelewesha mwezi mmoja, kumbe tumempa mimba.

Wanawake wa aina yake si wachache. Katika utafiti wa 2022, takribani mmoja kati ya wanawake watano walioolewa alitaka kuchelewesha au kusitisha uzazi lakini hakuwa akitumia njia yoyote. Matumizi ya njia za kisasa miongoni mwa walioolewa yalikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na asilimia 31 mwaka 2022. Yamesimama. Ninapoulizwa juu ya ongezeko la watu na waandishi wa habari, hutamani kuwaambia wasianze na bilioni za dunia wala na utabiri wa mwaka 2050. Waanze na huyu mmoja kati ya watano. Sioni kwamba ni kazi ya daktari kumwambia mtu azae wangapi. Kazi yangu ni kuhakikisha anayetaka kupumzika anapumzika.

Hofu nazo zina sehemu yake, na mtumishi anayezicheka huzikoleza. Hofu ninayoisikia zaidi mlimani ni kwamba sindano huharibu kizazi. Haiharibu, lakini ina chembe ya ukweli ndani yake: baada ya kuacha sindano, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho. Mama asipoambiwa hilo mapema, atakapokaa miezi minane bila mimba ataamini yote aliyoyasikia kisimani, na atawasimulia wengine ishirini. Anayepanga kuzaa karibuni aelekezwe kwenye kijiti au kitanzi, ambavyo vikitolewa uwezo hurudi mara moja. Kijiti hudumu miaka mitatu au mitano kulingana na aina yake. Kitanzi cha shaba hufika miaka kumi. Hedhi kubadilika kwa mwenye kijiti au sindano si dalili ya damu chafu kujikusanya tumboni. Kunyonyesha nako ni kinga, ila kwa masharti matatu pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likikatika, kinga imekwisha. Na kwa anayetaka mtoto mwingine, ushauri ni kusubiri angalau miezi ishirini na minne baada ya kujifungua ndipo ashike mimba.

Wanaume nao tusiwafanye adui wa kudumu. Huku kwetu baba ndiye anayelipa ada, ndiye anayegawa kihamba, na nimewaona wengi wanaoelewa hesabu ya robo ekari upesi kuliko wake zao. Wanachokosa ni mtu wa kuzungumza nao. Kliniki zetu zimepangwa kana kwamba mimba huingia yenyewe.

Ukivuka Namanga, mwendo wa saa chache kutoka Arusha, utawakuta majirani waliotutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zenye uzazi wa juu kabisa duniani, watoto 8 kwa kila mwanamke. Mwaka 2022 wastani wao ulikuwa 3.4. Hawakufika kwa mstari ulionyooka. Karibu na mwaka 2003 uzazi ulikwama kwenye 4.9, wakati ambapo fedha na macho ya wengi vilikuwa kwenye UKIMWI na huduma za uzazi wa mpango zikalegea. Zilipoimarishwa tena, na wasichana wakadumu shuleni, mstari ukaendelea kushuka. Kwetu, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata mimba, pungufu kutoka asilimia 27 ya utafiti uliotangulia. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Muuguzi akimwona binti wa aina hiyo kliniki, amwulize pia kama amerudi darasani. Hilo nalo ni swali la afya ya uzazi.

Yule mama alijifungua Oktoba, hospitalini, mtoto wa kike wa kilo tatu na robo. Damu ilitoka kuliko kawaida, ikadhibitiwa, hakuhitaji kuongezewa. Alichagua kijiti na akawekewa kabla ya kuruhusiwa, baada ya kuzungumza na mumewe kwa simu, kwa hiari yake.

Nilimwona tena Machi. Mtoto alikuwa ananenepa. Bibi alikuwa amekuja pia, safari hii kwa ajili yake mwenyewe, kwani presha tuliyoipata Julai ilikuwa 174 kwa 98 na haikushuka alipopimwa tena. Alinionyesha kadi ya kliniki ya shinikizo la damu, ya kwanza kuwa na jina lake. Akaniuliza dawa zile atazimeza mpaka lini, nikamwambia kila siku, bibi, bila kuacha. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mkwewe na kumwuliza kile kijiti chake kina miaka mingapi.

"Mitatu," mkwe akajibu.

Bibi akakunja vidole, akahesabu.

"Huyu atakuwa anaongea," akasema, na akampokea mtoto.